Pipa Namba 417

Ilikuwa kabatini, nyuma ya kioo chenye kufuli,
dukani kwa Hobart Cundiff, huku kwetu Kentucky,
kati ya sigara na tiketi za bahati nasibu.
Dola mia moja na tisini.
Niliuliza mara mbili. Hobart akaigeuza nijisomee.

Kizuri chajiuza, husemwa,
ila hiki kilikuwa kimefungiwa kama mshitakiwa.

Kilichonivuta ni mwandiko.
Mtu fulani, kwa wino mweusi, alikuwa ameandika:
Ghala H, ghorofa ya sita, pipa namba 417,
na mwaka lilipopigwa kizibo,
mwaka ambao baba alikuwa bado anapanda ngazi zile,
kabla goti la kushoto halijamwambia basi.

Nikalipa.
Fedha zile nilikuwa nimeziwekea matairi.

"Ni la pipa moja tu," nikamweleza,
"halikuchanganywa na jingine."
Verlin Stamper akaisogeza chupa kwenye mwanga wa dirisha.
Miaka thelathini na mmoja ameviringisha mapipa,
na siku ya kustaafu wakampa kofia.
"Mgema huyu amesifiwa mno," akasema.
"Tuone kama hajatia maji."

Nikamfunga macho kwa taulo la vyombo.
Glasi mbili mezani:
moja ya chupa hii,
moja ya ile ya dola kumi na nane anayoinywa Jumamosi
akiutukana mpira wa kikapu redioni.

Ya kwanza akaimeza upesi.
"Mahindi. Njugu za kukaanga. Moto mdogo, usio na makuu."

Ya pili akakaa nayo.
Alikaa nayo hadi jokofu likanguruma, likanyamaza.
"Cheri zilizosahauliwa mfukoni mwa koti," akasema.
"Tandiko la farasi baada ya mvua.
Halafu ukali. Huu ukali naujua.
Ni wa chini ya bati, mwezi wa Agosti."

"Ipi bora?"

Akanyoosha kidole, bila kusita, kwenye ya kwanza.

Nikayaona matairi yangu
yakibingirika kuteremka kilima, yote manne.

Akafungua macho, akaona uso wangu, akacheka mpaka akakohoa.
Kisha akanifundisha hesabu.
Kule juu, alisema, malaika ni walevi.
Pipa unalijaza pomoni, unaondoka;
miaka kumi na miwili baadaye unaligonga kwa nyundo
nalo linakujibu kama ngoma.
Zaidi ya nusu wameshakunywa wao.
"Wewe umelipia kilichosalia
na kilichoruka."

Nikauliza kama goti lake nalo limo kwenye hesabu.

Akasoma kibandiko chote, mbele na nyuma,
miwani ikiwa puani kabisa.
Ghala limo. Ghorofa imo. Joto, mwaloni, mwaka.
"Silioni," akasema,
akaenda kulala.

Sikuosha vyombo usiku ule. Nilikuwa na hasira kidogo.

Asubuhi glasi zilikuwa zimekauka palepale.
Ile ya dola kumi na nane ilinuka glasi.
Ile nyingine, chini yake pakiwa na duara la kahawia
jembamba kama uzi,
nilipoiinamia, jiko likaongezeka ghorofa tano:
mbao zilizoungua, vumbi tamu, sukari ikishika sufuria,
na shati la kazini
nililokuwa nikilikimbilia mlangoni, mtoto wa miaka saba.

Sikusema kitu. Nikaiacha mahali pake.

Akaja na fimbo yake, akavuta kiti,
akaivuta glasi kama mtu asiye na haja nayo.
Akanusa.
Nje lori la takataka lilipita, likasimama, likapita tena.

"Mia moja na tisini," akasema, "ni ghali."

Akanusa tena.

Nami nilipofungua bomba nioshe vyombo,
akaifunika kwa kiganja.